Mwanangu anajua hesabu, lakini mafumbo yanamliza

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, mama wa watoto wawili. Ninayekuandikia habari zake ni mkubwa, binti wa miaka minane, yuko darasa la tatu. Mdogo bado ananyonya, kwa hiyo haya yote hutokea mmoja akiwa mgongoni na mwingine mezani na daftari lake.

Binti yangu hesabu za tarakimu tupu anazimudu. Mpe 46 kutoa 19, atakopa vizuri na kukuletea 27 kabla hujamaliza kupiga mwayo. Tebo ya pili mpaka ya tano anazighani kama wimbo. Lakini swali likija na maneno, yale mafumbo, anageuka kuwa mtoto mwingine. Hasomi. Macho yanaruka mpaka yaone namba mbili, kisha ananitazama: "Mama, hii ni ya kujumlisha au ya kutoa?" Nikimwambia ya kujumlisha, anajumlisha. Nikinyamaza, anajaribu mojawapo huku ananichungulia usoni. Akiona nimekunja uso, anafuta na kujaribu nyingine.

Mimi mwenyewe hesabu hazikupanda nilipokuwa shule, na nikisema ukweli, hata kwa mama yangu hazikupanda. Muhula uliopita nikaona nimsaidie kwa njia niliyofundishwa mimi. Nilichukua karatasi ngumu nikaandika kwa kalamu nene: "zaidi", "jumla", "pamoja", hizo jumlisha. "Baki", "poteza", "pungua", hizo toa. "Kila", zidisha. "Gawana", gawanya. Nikaibandika ukutani juu ya meza yake. Wiki mbili za kwanza mambo yalinyooka, nikajiona mwalimu. Kisha ukaja mtihani. Mafumbo kumi, kapata mawili.

Kuna swali moja limenikaa kooni. Lilikuwa la kazi ya nyumbani: "Asha ana gololi 12. Ana gololi 5 zaidi ya Juma. Juma ana gololi ngapi?" Binti akaniuliza, "Mama, kwa hiyo Juma ana nyingi kuliko Asha?" Nilikuwa nimechoka, mdogo analia. Nikamjibu, "Usinichanganye, angalia karatasi inasemaje." Karatasi inasema "zaidi" ni kujumlisha. Akaandika 17. Na mimi nilipata 17, Shangazi, tena niliipigia hesabu kwenye kiganja. Kesho yake daftari likarudi na kosa la wino mwekundu, pembeni mwalimu kaandika 7. Nilianza kumwandikia mwalimu ujumbe wa kumwambia amekosea. Namshukuru Mungu sikuutuma, maana ilinichukua siku nzima ndipo nikaiona hiyo 7. Mtoto sijamwambia kwamba na mimi nilikosea.

Jioni moja nilimpokonya penseli. Alikuwa amefuta jibu mara nne mpaka karatasi ikatoboka, na mimi nikapaza sauti kwa namna ambayo sikuwahi kumpazia. Alikaa kimya, machozi yanadondokea lile tundu. Tangu siku hiyo nimechukua njia ya mkato: namwambia jibu, anaandika, tunalala. Kazi za nyumbani anapata zote. Mwalimu ameandika "hongera, juhudi za nyumbani zinaonekana." Darasani bado anapata mbili, tatu.

Mume wangu anataka aanze tuisheni kila jioni. Mama mkwe anasema tumwache, akili ya hesabu huja na umri. Mimi nahisi labda tatizo ni mimi, kwamba nimemrithisha kichwa kisichopanda hesabu na sasa namwongezea hofu. Je, nijitoe kabisa nimwachie mwalimu? Nimpeleke tuisheni? Na hili la kumwandikia majibu, nilimalizeje bila aibu?

Mama wa Darasa la Tatu

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilisimama kwenye sentensi moja ambayo wewe uliipita haraka, ukiwa na mtoto mgongoni. Ni pale binti aliposema, "Kwa hiyo Juma ana nyingi kuliko Asha?"

Hebu isikilize tena. Swali limesema Asha ndiye mwenye nyingi. Mtoto ameona kwamba akijumlisha, Juma atatoka na 17 na kumpita Asha, na jambo hilo halimkai sawa. Huyo si mtoto asiyeelewa mafumbo. Wakati ule alikuwa analielewa fumbo kuliko karatasi ya ukutani, na kuliko mama yake, nisamehe kwa kusema hivyo. Alichokosa ni mtu wa kumwambia, "Enhe, endelea, mbona unauliza hivyo?"

Sikulaumu. Ningekuwa na kichanga kinalia na lundo la kazi nyuma yangu, huenda nami ningemwelekeza ukutani. Lakini nataka tuanzie hapo, maana barua yako inasema mtoto hasomi, na mimi najiuliza kama si kwamba alisoma, akaona kusoma hakulipi, akaacha.

Nianze na hiyo 7, kwa ajili yako na kwa wasomaji wengine waliopata 17 kimyakimya. Chukua vizibo au vijiti. Panga 12 kwa mstari, hivyo ni vya Asha. Chini yake anza kupanga vya Juma, kimoja chini ya kimoja, ukijua kwamba mstari wa Asha lazima umzidi Juma kwa vitano. Utasimama kwenye cha saba. Neno "zaidi" limo ndani ya swali, lakini linamsema Asha, na aliyeulizwa ni Juma. Ndiyo maana maswali ya kulinganisha huwatesa watoto kuliko yale ya "alikuwa nazo, akaongezewa": hakuna kinachotokea ndani yake. Hakuna anayetoa wala anayepokea. Watu wawili wamesimama tu, na mtoto anatakiwa aone pengo lililo kati yao, kitu ambacho hakishikiki.

Mtafiti mmoja, Tom Hudson, alilionyesha hili vizuri mwaka 1983. Aliwaonyesha watoto picha ya ndege watano na minyoo mitatu, akawauliza ndege wameizidi minyoo kwa wangapi. Watoto wa darasa la kwanza waliopata walikuwa asilimia 64. Kisha akabadili maneno tu, picha ni ileile: ndege wote wakiikimbilia minyoo, kila mmoja achukue wake, ni ndege wangapi watakosa? Watoto wote wakapata. Hesabu haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mbio na kuna wa kukosa.

Sasa karatasi yako. Naelewa kwa nini uliiandika, na naelewa kwa nini wiki mbili za kwanza ilifanya kazi: huenda maswali ya wiki zile yalikuwa ya aina moja. Lakini ijaribu na hili: "Juma alipoteza gololi 4, akabakiwa na 9. Mwanzoni alikuwa na ngapi?" Karatasi inapiga kelele "toa" mara mbili, kwa "poteza" na kwa "baki", na jibu ni 13. Au hili: "Vitabu 12 waligawiwa watoto 4, kila mmoja akapata sawa na mwenzake." Umeandika "kila" ni kuzidisha. Mtoto anayefuata neno moja moja ataleta vitabu 48 kutoka kwenye vitabu 12. Maneno hayo si ya uongo, lakini ni kama alama za barabarani zilizong'olewa zikapandwa popote. Kibaya zaidi, yanampa mtoto ruhusa ya kutosoma yaliyobaki.

Na usidhani ni kwako tu. Karibu na mwaka 1980, huko Grenoble, Ufaransa, watafiti waliwapa watoto wa umri wa binti yako swali hili: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Kati ya watoto 97, watoto 76 walileta jibu kwa kuzichezea zile namba. Ukicheka, cheka kidogo tu. Watoto wale walikuwa na akili timamu. Walikuwa wamejifunza kwamba swali la hesabu ni mchezo wenye sheria zake: zipo namba, lipo jibu, mwalimu anasubiri, fanya kitu. Binti yako anapokuuliza "ni ya kujumlisha au ya kutoa?" yumo ndani ya mchezo huohuo. Na anapokuchungulia usoni, jibu analitafuta kwenye kitabu kilicho karibu zaidi.

Umesema anajua hesabu ila mafumbo ndiyo hayajui. Hapo napo nigusie kidogo. Kuna uwezekano kwamba kinachomkwaza ni Kiswahili cha swali. Lugha yetu huficha mambo makubwa kwenye silabi ndogo. "Juma alimpa Asha gololi 4." "Juma alipewa na Asha gololi 4." Wewe na mimi hatuoni shida. Mtoto anayesoma kwa kuruka anaona Juma, Asha, gololi, 4, na kwake sentensi hizo ni moja, wakati gololi zimekwenda njia mbili tofauti. Hivyohivyo "aligawa" na "waligawana", au "mara 3 ya Juma" na "3 zaidi ya Juma". Kwa hiyo kabla ya kuamua lolote, jaribu kumwomba akusomee swali kwa sauti, kisha afunge daftari akusimulie lilisema nini. Asitaje namba. Akisema, "Juma alikuwa na gololi, halafu Asha akamwongezea," umepata picha ya kilichomo kichwani mwake. Akikwama kwenye kusoma kwenyewe, au akikuuliza maana ya neno, basi shughuli ni ya kusoma, na tuisheni ya kujumlisha na kutoa haitafika huko. Na kama anasogeza sana daftari usoni, apimwe macho, haigharimu machozi.

Ukitaka nikwambie ninachokipenda mimi kuliko vyote, ni fumbo lisilo na namba. Unaliandika upya, au unalisema tu huku unambembeleza mdogo: "Asha ana gololi. Ana nyingi kuliko Juma. Tunajua amemzidi kwa ngapi. Tunataka kujua za Juma." Mtoto hana pa kuruka kwa sababu hakuna namba ya kurukia. Muulize: za Juma zitakuwa nyingi au chache kuliko za Asha? Akishajibu hilo ndipo uzitoe namba. Utaona mara nyingi hata haulizi tena kama ni kujumlisha au kutoa. Na siku atakayouliza, unaweza kumrudishia: "Kwenye hadithi kunatokea nini?" Mara za kwanza atakasirika, maana umemnyima kitu alichozoea kupewa. Vumilia hapo.

Kuchora nako kunasaidia, lakini angalia asichore gololi kumi na mbili zenye rangi na kivuli mpaka usiku uishe. Mistari miwili inatosha, mrefu wa Asha, mfupi wa Juma, na pengo limewekewa alama ya 5. Siku nyingine mgeuzie kibao, yeye akutungie wewe fumbo. Mpe tu 12 kutoa 5, atafute hadithi. Anayeweza kutunga hadithi ya kutoa ambayo haina neno "baki" ndani yake ameshavuka mto. (Onyo: atakutungia mafumbo ya ajabu, mamba watameza walimu. Yahesabu hivyohivyo.)

Na jibu likipatikana, lirudi kwenye hadithi. Watoto 25 wanakwenda safari, gari moja linabeba 6, yanahitajika magari mangapi? Atagawanya, atapata 4 na baki 1, atafunga daftari. Muulize huyo mmoja amekaa wapi. Ukimya utakaofuata ni mzuri sana, usiukatize.

Tuje kwenye mashauri ya nyumbani. Tuisheni anayoitaka baba yake inaweza kusaidia, na faida moja kubwa ni kwamba mwalimu wa nje hana machozi ya jana kati yake na mtoto. Lakini kabla hamjakubaliana, kaeni dakika chache msikie anafundishaje. Akiwa naye ana orodha ya maneno ukutani, mtakuwa mmenunua karatasi ya pili. Tena mtoto wa miaka minane aliyeshinda shule, akipelekwa kila jioni kwenye kitu kilekile kinachomliza, anaweza kuhitimisha kwamba yeye ni mgonjwa na hiyo ndiyo dawa. Mara moja au mbili kwa wiki ni jambo tofauti na kila siku.

Mama mkwe naye usimpuuze. Ni kweli kwamba maswali ya kulinganisha huwa rahisi zaidi mtoto akikua kidogo. Hata wale watoto wa ndege na minyoo, waliokuwa bado hawajaingia darasa la kwanza walikosea zaidi kuliko wa darasa la kwanza. Hatari ya kungoja tu ni kwamba kinachokua si akili peke yake. Mazoea ya kubahatisha yanakua pamoja nayo, na hofu pia.

Kujitoa kabisa? Sijui, mwanangu. Kuna wazazi ambao mapumziko ya wiki mbili bila daftari kati yao na mtoto yaliwarudishia maelewano. Ila wewe ndiye uliyesikia swali lake la Juma na Asha. Kama kuna jambo moja unaweza kulifanya bila kujua hesabu hata chembe, ni kusikiliza maswali ya namna hiyo. Kwa hilo, kutojua kwako kunaweza hata kukusaidia, kwa sababu hutakuwa na haraka ya kumpa njia.

Jambo la majibu unayomwandikia ndilo linalokuuma, nimeliona kwenye mstari wako wa mwisho. Kwa mtazamo wangu, uzito wake si kwamba umemdanganya mwalimu. Ni kwamba mwalimu sasa haoni. Daftari linamwambia mtoto huyu akiwa nyumbani anaweza, kwa hiyo darasani atamdhania ni mvivu au hana makini, na hatamfundisha kile anachokihitaji. Ukimweleza kwa maneno machache, kwamba jioni zilikuwa ngumu na ulimsaidia kupita kiasi, wengi huelewa. Wao wenyewe wana watoto. Anaweza asifurahi, na huenda alama za nyumbani zikashuka kwa muda. Ikiwa mdomo ni mzito, ipo njia nyingine: kuanzia kesho acha kazi irudi shule ilivyo, nusu tupu, na uandike pembeni kwa penseli, "Hapa alikwama, alidhani Juma ndiye aliyetoa." Sentensi hiyo moja itamfaa mwalimu kuliko ukurasa mzima wa majibu sahihi. Nyingine ni kukubaliana na mwalimu afanye maswali mawili tu badala ya kumi, lakini ayasimulie. Ni mwalimu wako unayemjua wewe, mimi simjui. Pima ni ipi itapita.

Kuhusu kichwa mlichorithishana, naomba uwe mwangalifu unapolisema hilo mbele ya binti. Wewe ulifundishwa kwa orodha ya maneno, pengine na mama yako naye hivyohivyo. Kilichoshuka kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto hapo naona ni karatasi, damu sina ushahidi nayo. Na mwanamke aliyekaa na 7 siku nzima mpaka akaiona, peke yake, hakuna aliyemwonyesha, sielewi ni hesabu gani hiyo ambayo haikumpanda.

Hilo la 17 nawe ulilifanya siri. Unaweza kuliacha lilale. Lakini fikiria lingekuwaje kama ungechukua vizibo jioni moja, ukamwambia, "Unakumbuka za Asha na Juma? Mama naye alipata 17. Uliniuliza swali zuri, sikukusikiliza. Hebu niulize tena." Kisha umwachie yeye apange mistari. Inawezekana asiseme kitu. Inawezekana akacheka mpaka mdogo aamke.

Karatasi ya ukutani sikuambii uichane, imebandikwa kwa mapenzi. Muulize yeye kama anaitaka bado, na kama anaitaka, mpe kalamu nene atafute fumbo linaloikosesha, aliandike pembeni ya kila neno. La "zaidi" tayari analo.